Kukagua Picha Unayoshuku Imechezewa: Anza na Faili, Malizia na Vyombo

Swali linalonifikia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Nina picha, nadhani imechezewa. Niiweke kwenye programu gani inipe jibu?" Anayeuliza huwa na haraka, na mara nyingi ana sababu nzito. Kuna mtu anatuhumiwa, kuna malipo yanabishaniwa, au kuna habari inasubiri kutolewa jioni hiyo hiyo. Jibu langu halijabadilika kwa miaka. Hakuna programu itakayokuambia ndiyo au hapana ukaiamini kwa macho yaliyofumbwa. Kilichopo ni ukaguzi wa mpangilio, na sehemu yake kubwa inaisha kabla hujagusa chombo chochote cha uchambuzi, kwa sababu faili ulilokabidhiwa ndilo linaloamua utaweza kuona nini.

Mwongozo huu ni wa anayeanza. Hautaki hesabu. Unataka saa moja au mbili za utulivu kwa kila picha.

## Uwe na nini mkononi

- Faili lenyewe la picha. Picha ya skrini haihesabiki, wala picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye skrini ya kompyuta.
- Kompyuta. Simu inafaa kwa kutafuta tu. Skrini ndogo inaficha kingo, na kwenye kingo ndiko kazi iliko.
- ExifTool, programu ya bure ya Phil Harvey, ya kusoma metadata, yaani taarifa zilizofichwa ndani ya faili kama saa, kamera na mahali.
- GIMP, au programu yoyote ya kuhariri picha inayokubali matabaka (layers, picha moja juu ya nyingine).
- Forensically, mkusanyo wa vyombo vya ukaguzi unaofanya kazi ndani ya kivinjari. Picha unayoifungua humo haipakiwi popote.
- ImageMagick, kama huogopi kuandika amri.
- Daftari. Utalihitaji zaidi ya unavyodhani.

Onyo moja mapema: tovuti nyingi za uchambuzi hupokea picha yako na kubaki nayo. Kama picha ni ya mtoto, mgonjwa, majeruhi, hati ya mtu au jambo lililo mahakamani, usiipakie kwenye tovuti yoyote. Fanyia kazi kwenye kompyuta yako.

## Hatua zenyewe

### 1. Funga faili asilia, fanyia kazi nakala

Tengeneza folda mbili: moja ya faili ulilopewa, nyingine ya nakala. Kabla ya lolote, chukua hashi ya faili asilia, yaani namba inayolitambulisha kama alama ya kidole, na uiandike daftarini. Kwenye Linux fungua dirisha la amri (terminal) na uandike:

`sha256sum picha.jpg`

Kwenye Mac ni `shasum -a 256 picha.jpg`, na kwenye Windows ni `certutil -hashfile picha.jpg SHA256`. Utapata mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Faili likibadilika hata biti moja, mfuatano huo unakuwa mwingine kabisa. Kesho mtu akikuuliza kama wewe ndiye uliyeichezea picha, hashi ndiyo itakayokujibia.

Kosa la kawaida: kufungua faili asilia kwenye programu ya picha, kuigeuza isimame wima, kisha kubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Programu nyingi zikihifadhi JPEG huibana upya, na kila mbano mpya unafuta baadhi ya alama unazozitafuta.

### 2. Uliza faili limepitia mikono gani

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imepunguzwa vipimo, imebanwa upya, na metadata ya kamera imeondolewa. Mitandao mikubwa ya kijamii nayo huifanyia picha jambo kama hilo. Ikishapita kwenye magrupu matatu, kinachokufikia ni kivuli cha picha.

Kwa hiyo usianze kuchambua. Anza kuomba. Mwambie aliyekupa: "Naomba faili kutoka kwenye simu au kamera iliyopiga, ulitume kama hati, si kama picha." WhatsApp ikituma faili kama hati hailigusi. Barua pepe au waya wa kuunganisha simu na kompyuta pia unafaa.

Kisha omba kitu cha pili: picha zilizopigwa kabla na baada ya hiyo. Ni nadra mtu kupiga picha moja tu ya jambo zito. Faili likiitwa IMG_4412, muulize kuhusu IMG_4411 na IMG_4413. Anayeghushi picha moja anaweza kuifanya vizuri sana. Kughushi tatu zinazofuatana, za mwanga ule ule na pembe zinazotofautiana kidogo, ni kazi nyingine. Nimeona mabishano ya wiki nzima yakiisha kwa ombi hili peke yake.

Usidanganywe na jina la faili. IMG-20240310-WA0005.jpg linakuambia kuwa picha ilipita WhatsApp, na tarehe iliyomo ni ya faili kuingia kwenye simu hiyo. Siku ya kupigwa haimo.

### 3. Itafute picha kabla ya kuichambua

Ipeleke kwenye mitambo ya kutafuta kwa picha: Google Lens, TinEye, Bing na Yandex. Usitosheke na mmoja, maana kila mtambo una hazina yake. TinEye ina faida ya kukuwezesha kupanga matokeo kuanzia ya zamani au kuanzia picha kubwa zaidi.

Usipopata kitu, kata sehemu ya picha na uitafute hiyo peke yake: mandhari ya nyuma bila mtu, au mtu bila mandhari. Halafu igeuze kushoto-kulia uitafute tena, kwa sababu waghushi hupenda kugeuza picha ili isipatikane.

Ukipata toleo kubwa au la zamani zaidi, kazi imekuwa nyepesi. Ziweke picha mbili kama matabaka kwenye GIMP, zilinganishe vipimo, kisha tabaka la juu liwekee hali ya Difference. Palipo sawa patakuwa peusi. Palipoguswa patang'aa.

Mwezi Julai 2008 Iran ilitoa picha ya jaribio la makombora ikionyesha manne yakipaa kwa pamoja. Picha nyingine ya tukio lile lile ilipojitokeza, ilionyesha matatu tu angani, la nne likiwa bado chini. Kulinganisha picha mbili kulitosha.

Na kumbuka hili unapotafuta: picha nyingi zinazoitwa za uongo hazijaguswa hata pikseli moja. Ni picha halisi ya mwaka mwingine na mahali pengine, iliyopewa maelezo mapya. Ukiingia hatua ya 8 bila kupita hapa, utachambua pikseli safi hadi usiku na uongo usiuone, kwa sababu uongo uko kwenye maneno yaliyoandikwa chini yake.

### 4. Soma metadata, lakini usiiabudu

Andika:

`exiftool -a -G1 -s picha.jpg`

Orodha itakuwa ndefu. Tazama haya:

Model na vipimo. Je, simu au kamera iliyotajwa hutoa picha za upana na urefu huo? Kama sivyo, picha imekatwa au imepunguzwa.

DateTimeOriginal na ModifyDate. Ya kwanza ni saa ya kupigwa, ya pili ni ya faili kuhaririwa mara ya mwisho. Zikitofautiana, kuna programu imepita hapo. Inaweza kuwa imeongeza mwanga tu.

Saa ya GPS. Hii huandikwa kwa saa ya dunia, UTC, wakati DateTimeOriginal hufuata saa iliyo kwenye kifaa. Toa moja kwenye nyingine, kisha uone kama tofauti inalingana na saa za eneo picha inapodaiwa kupigwa. Anayebadilisha tarehe kwa mkono mara nyingi husahau saa hii.

Software. Hapa wanaoanza huanguka. Wakiona neno lolote hapo wanapiga kelele. Kwenye iPhone sehemu hii huwa na namba ya toleo la iOS, na simu nyingine nyingi huandika hapo toleo la mfumo wake. Jina la programu ya kuhariri ndilo lenye maana, na hata hilo linasema tu kwamba picha ilifunguliwa na kuhifadhiwa humo.

History na DocumentAncestors. Photoshop huweza kuacha orodha ya lini faili lilihifadhiwa, na hata vitambulisho vya mafaili mengine ambayo vipande vyake vilibandikwa. Ukikuta orodha ya wazazi kumi kwa picha inayodaiwa kutoka kamerani moja kwa moja, uliza maswali.

Kisha chomoa kijipicha kilichofichwa ndani ya faili:

`exiftool -b -ThumbnailImage picha.jpg > kijipicha.jpg`

Kamera hukiweka humo wakati wa kupiga, na baadhi ya programu hubadilisha picha kubwa zikakisahau. Kijipicha kikionyesha mtu ambaye kwenye picha kubwa hayupo, umemaliza.

Onyo: ExifTool hiyo hiyo inayosoma metadata inaweza kuiandika upya kwa amri moja. Metadata safi haithibitishi kuwa picha ni ya kweli, na kukosekana kwake hakuthibitishi kuwa ni ya uongo. Ichukulie kama maelezo ya shahidi. Unayasikiliza, kisha unayapima kwa mengine.

### 5. Kagua kwa macho, kipande kwa kipande

Gawa picha vipande tisa kichwani mwako na uvipitie kimoja kimoja, kwanza kwa asilimia 100, halafu 200, halafu 400. Ukiitazama yote kwa pamoja, akili inakujazia yanayokosekana. Inaona mtu na mlango, haioni mpaka kati yao.

Fuata kingo. Nywele zilizokatwa kama kwa mkasi wakati nyuma yake kuna anga nyeupe. Mstari wa ukungu mwembamba kuzunguka bega. Vidole, na mahali mkono unapoingia kwenye nguo. Miguu inapogusa ardhi. Mistari iliyotakiwa kunyooka nyuma ya mwili, kama fremu ya mlango au viungo vya vigae. Ikipinda karibu na kiuno au mkono, kuna mtu amevuta umbo.

Tarehe 10 Machi 2024, picha ya Princess of Wales na watoto wake iliondolewa na mashirika makubwa ya habari siku ile ile ilipotolewa. Kilichoonekana kwanza ni mkono wa sweta wa Princess Charlotte, ambao haukukutana sawasawa na sehemu iliyofuata. Hakikuhitajika chombo, yalihitajika macho yaliyofika ukingoni.

### 6. Pima vivuli na taswira za kioo kwa rula

Nakaa hapa kidogo, kwa sababu hii ni dalili isiyofutwa na WhatsApp. Mbano unaua chengachenga, zile punje punje za kamera, na WhatsApp huondoa metadata, lakini kivuli kinabaki pale pale.

Usihukumu vivuli kwa kutazama. Binadamu hatuna jicho zuri la jambo hili. Vivuli viwili vya jua moja vinaweza kuonekana kama vinaelekea pande tofauti kwa sababu ardhi ina mteremko au lenzi ni pana. Chora mistari.

Fungua nakala kwenye GIMP na uongeze tabaka tupu juu. Tafuta ncha ya kivuli unayoweza kuitambua bila shaka, kama ncha ya kofia, kona ya paa au kilele cha nguzo. Chora mstari kutoka kwenye ncha hiyo ya kivuli hadi kwenye ncha ya kitu chenyewe, na uuendeleze hadi nje ya picha. Rudia kwa vitu vingine vitatu au vinne. Kama chanzo cha mwanga ni kimoja, mistari yote lazima ikutane kwenye nukta moja, ambayo ni mahali taa au jua lilipo kwenye picha. Jua likiwa nyuma ya mpiga picha, nukta hiyo itaangukia upande wa chini ambako vivuli vinaelekea. Likiwa ubavuni kabisa, mistari itaenda sambamba. Mstari mmoja ukikataa kabisa kupita pale mingine inapokutana, kitu hicho kina maelezo ya kutoa.

Kioo, dirisha na maji yaliyotulia hufuata kanuni ya jamaa. Unganisha pua ya mtu na pua ya taswira yake, kitufe na kitufe, kiatu na kiatu. Mistari hiyo nayo hukutana kwenye nukta moja.

Kosa la kawaida: kuchagua ncha kwa kukisia. Kivuli kisicho na ncha iliyo wazi usikichore. Pia hesabu taa kwanza. Chumba chenye balbu tatu kina vivuli vya balbu tatu.

### 7. Tafuta marudio

Njia ya zamani ya kuficha kitu ni kunakili sehemu ya picha ile ile na kuibandika juu yake: nyasi juu ya mtu, moshi juu ya anga, kichwa cha ziada kwenye umati. Mwaka 2003 mpiga picha Brian Walski wa Los Angeles Times aliunganisha picha mbili alizopiga karibu na Basra, na gazeti likamfukuza kazi. Alikamatika kwa sababu baadhi ya raia waliokuwa nyuma walionekana mara mbili. Mwaka 2006 moshi juu ya Beirut kwenye picha ya mpiga picha Adnan Hajj ulikuwa na mafundo yanayojirudia. Shirika la habari la Reuters, alilolipigia picha, liliondoa picha zake zote 920.

Tumia kipengele cha Clone Detection kwenye Forensically. Anza na kiwango cha juu cha ufanano, kisha kishushe polepole. Utaona mistari ikiunganisha sehemu zinazofanana. Kundi la mistari mingi inayoenda sambamba, yenye urefu sawa, ndilo la kuangalia. Mistari michache iliyotawanyika ovyo ipuuze.

Ukuta wa matofali, vigae, madirisha ya ghorofa na maandishi vitakupa marudio ya uongo kila mara. Vimejengwa kwa kujirudia. Dalili halisi ni kitu ambacho hakijirudii kimaumbile, kama jani lililochanika, doa au kunyanzi la nguo, kikitokea mara mbili kikiwa kile kile hadi pikseli.

### 8. ELA, kwa uangalifu

Uchambuzi wa kiwango cha makosa, unaojulikana zaidi kwa herufi ELA, ulitangazwa na Neal Krawetz mwaka 2007. Unaihifadhi picha tena kwa ubora unaojulikana, kisha unatazama kila sehemu imebadilika kiasi gani. Sehemu iliyobandikwa kutoka faili lenye historia nyingine ya mbano inaweza kubadilika tofauti na jirani zake. Kwa ImageMagick:

`magick picha.jpg -quality 95 nakala.jpg`

`magick picha.jpg nakala.jpg -compose difference -composite -auto-level tofauti.png`

Forensically ina kipengele hicho hicho tayari.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wasio na hatia huitwa waongo. Kung'aa si kuchezewa. Kingo kali, maandishi, majani madogo madogo na rangi kali za nyekundu na bluu hung'aa kwenye ELA ya picha yoyote. Anga na ukuta mtupu huwa vyeusi. Linganisha kitu na cha aina yake: ukingo na ukingo, ukuta na ukuta, uso na uso. Nyuso tano zilizo umbali mmoja kutoka kwenye kamera, nne zikiwa na mng'ao mmoja na ya tano tofauti kabisa, hilo linastahili kuandikwa. Maandishi ya fulana kung'aa kuliko fulana hakustahili.

Wakati naanza kazi hii nilimwambia mtu kwamba stakabadhi aliyoletewa ni ya kughushi kwa sababu tarakimu ziling'aa. Tarakimu zote nyeusi juu ya karatasi nyeupe hung'aa. Faili asilia lilipoletwa, ilikuwa ya kweli, na mtu aliyeituma alikuwa ameshatukanwa. Tangu siku hiyo sisemi neno kwa ELA peke yake.

### 9. Chengachenga na viraba vya JPEG

Kila picha ya kamera ina chengachenga, punje punje zinazoonekana hasa gizani. Kipande kilicholainishwa, au kilichotoka kwenye picha nyingine, huwa na chengachenga za namna nyingine. Tumia Noise Analysis ya Forensically na utafute kipande laini mno katikati ya eneo lenye punje.

JPEG nayo hukata picha kwenye viraba vya pikseli 8 kwa 8. Ukikuza sana utaviona kama vigae. Kipande kilichobandikwa huleta vigae vyake, na mara chache sana vitaangukia sawasawa na vya picha mwenyeji. Ukiona gridi mbili zinazopishana, andika mahali zinapopishana.

Tahadhari moja: simu za sasa hupiga fremu kadhaa na kuziunganisha, hulainisha nyuso, na hutia ukungu nyuma ya mtu kwa hesabu. Simu peke yake, bila mkono wa mtu, inaweza kukupa chengachenga zisizolingana na kingo za ajabu kuzunguka nywele. Jua picha ilipigwa kwa hali gani kabla ya kushtaki.

### 10. Ukishuku akili mnemba

Kufuta mtu na kujaza pengo kwa akili mnemba hakuachi marudio kama ya hatua ya 7. Tafuta badala yake maandishi ya nyuma yasiyosomeka, waya unaopotea katikati, mpangilio wa vigae unaobadilika ghafla, na kivuli kilichobaki baada ya mwenye kivuli kuondolewa.

Rudi kwenye metadata na utafute DigitalSourceType. Baadhi ya programu huandika hapo kwamba picha imetengenezwa au kuongezewa kwa akili mnemba. Tafuta pia sahihi ya C2PA, mfumo ulioanzishwa mwaka 2021 na kampuni zikiwemo Adobe, Microsoft na BBC, unaoambatanisha historia ya picha kwa saini ya kidijitali. Ikiwepo na ikathibitika, ni ushahidi mzuri. Isipokuwepo huna ulichojifunza, kwa sababu picha nyingi hazinayo, na huondoka kirahisi faili linapohifadhiwa upya.

Vyombo vinavyotoa asilimia, "87% ni akili mnemba", viache viwe vya mwisho. Asilimia hiyo haikuambii imeona nini, na usichoweza kukionyesha kwa kidole huwezi kukitetea.

### 11. Andika ulichokiona, mahali ulipokiona

Sentensi nzuri ni kama hii: "Kona ya juu kulia, mstari wa kivuli cha mtu wa tatu haupiti kwenye nukta ambako mistari minne mingine inakutana, na chengachenga za kipande hicho ni laini kuliko ukuta uliopo nyuma yake." Ina mahali, ina dalili mbili zisizotegemeana. Dalili moja ni sababu ya kuendelea kutafuta. Mbili za aina tofauti kwenye sehemu ile ile ni sababu ya kusema.

## Stakabadhi, vyeti na barua

Hizi zina tabia zake, na naulizwa sana. Linganisha tarakimu na ndugu yake: kama 7 kwenye kiasi cha fedha inashukiwa, tafuta 7 nyingine kwenye ukurasa ule ule. Unene, urefu na ukungu wa kingo viwe sawa. Chora mstari chini ya maandishi uone kama herufi zote zimekaa juu yake, maana tarakimu iliyobandikwa hupanda au kushuka pikseli moja au mbili. Tazama karatasi nyuma ya herufi. Karatasi iliyopigwa picha ina kivuli na punje hata pale palipo peupe, na kiraba cheupe pe kuzunguka namba ni mahali palipofutwa.

Lakini ukweli ni kwamba kwa hati, njia fupi ni kuuliza chanzo. Namba ya muamala au ya cheti huulizwa kwa aliyeitoa. Fanya hivyo kwanza pale inapowezekana.

## Ukikwama

ExifTool haionyeshi kitu zaidi ya vipimo. Faili limepita mtandaoni au ni picha ya skrini. Rudi hatua ya 2. Ukishindwa kupata asilia, tegemea hatua ya 3, 5 na 6.

ELA yote ni nyeusi, au yote inang'aa sawasawa. Nyeusi yote mara nyingi ina maana picha imehifadhiwa mara nyingi kwa ubora mdogo, na tofauti zimekwisha. Mng'ao wa kila mahali mara nyingi ni dalili kwamba imehifadhiwa kwa ubora wa juu sana, au imepunguzwa vipimo kisha ikahifadhiwa mara moja. Pande zote mbili ELA haina la kukuambia. Iache.

Faili ni PNG. PNG haibanwi kwa njia ya JPEG, kwa hiyo ELA na viraba havifai isipokuwa kama ilitoka kwenye JPEG kabla. Anza kwa kuuliza kwa nini picha ya kamera imefika kama PNG.

Faili ni HEIC na programu haiifungui. Simu nyingi huhifadhi hivyo. ExifTool inaisoma bila kuigeuza, kwa hiyo soma metadata kwanza. Ukiigeuza kuwa JPEG ili uitazame, kumbuka kwamba mbano utakaouona ni wa kwako.

Clone Detection imejaa mistari picha nzima. Pandisha kiwango cha ufanano na ukubwa wa chini wa kundi. Ikiendelea, kata ukuta au anga na upime sehemu unayoshuku peke yake.

Mistari ya vivuli inakaribia kukutana lakini haikutani kabisa. Kosa la pikseli chache kwenye ncha huwa kubwa mstari unapokwenda mbali. Kwa kila kivuli chora mistari miwili, mmoja kila upande wa shaka yako, upate kabari badala ya mstari. Kabari zote zikiwa na eneo la pamoja, vivuli havina kosa.

Umemaliza hatua zote na hujaona kitu. Andika hivi: "Katika faili hili, kwa ubora huu, sikuona dalili ya kuchezewa." Usiandike kwamba picha ni halisi. Weka hashi chini ya sentensi hiyo, ili ijulikane ni faili lipi ulilolisema, na uliza tena kama faili la kamera limepatikana.